Tulivyoisiriba Nyumba ya Vita

Siku ile walikuwepo Mama Wegesa, jirani yetu mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe waliokwisha vuka mto. Mzee Mafuru, aliyedai kwamba ujanani aliwachemshia chai marubani wa Kizungu. Mwalimu Machumu na kopo lake la rangi. Kisire fundi baiskeli. Masatu mvuvi, aliyekuja na ndoo ya furu, samaki wadogo wa ziwani, badala ya jembe. Mama Nyasatu na binti zake pacha, ambao hadi leo, wote wakiwa na wajukuu, nawasalimia kwa mpigo mmoja nisije nikakosea majina. Na sisi wanne wa marehemu mlinzi: mimi, Magesa, Nyafuru na Bwire. Kuku walikuwepo pia, ila kuku hawahesabiwi kwenye risaga.

Nawataja wote kwa sababu risaga ndivyo ilivyo. Ukiwa na kazi kubwa kuliko mikono yako, unaita majirani, unapika, wanakuja wanakufanyia kazi bila malipo. Lakini kila aliyekuja, umeshika siku yake. Akikuita na wewe, unakwenda, mvua inyeshe, jino liume. Ukimsahau mmoja umemwibia siku, na siku hairudi kwa kuomba radhi. Mimi niliacha shule darasa la tano, hesabu nyingi zilinipita, lakini hiyo ninayo kichwani.

Enzi hizo, wenzangu tulioota meno ya pili kwenye vumbi la Mara, uwanja wa ndege ulikuwa mahali pa kuchungia ng'ombe. Sisemi ule wa mjini Musoma mnaoujua. Nasema ule wa zamani uliokuwa bondeni, ukiiacha barabara ya kwenda Bunda na kukata kulia kwenye migomba. Waingereza waliujenga wakati wa vita vyao na Mjerumani, vita vikaisha, wakaondoka, wakasahau kuuzima. Viliachwa vitu vitatu. Kulikuwa na mnara wa matofali usio na ngazi, kwa hiyo hakuna aliyejua juu kuna nini. Kulikuwa na ghala la zege lenye ukuta mnene, ukiliingilia na kuita jina lako linakuitikia baada ya kufikiri kidogo. Na kulikuwa na nyumba ya bati iliyojikunja kama pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa chini, yenye kuta za matofali mbele na nyuma. Hiyo tuliiita Nusu Pipa, na ndimo tulimozaliwa.

Baba alikuwa mlinzi wa uwanja huo. Kazi yake ilikuwa kupandisha mlingotini mfuko wa upepo kila asubuhi na kuushusha kila jioni, halafu kuandika kwenye daftari kubwa ndege ngapi zimetua. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona ndege ikitua pale. Baba naye nadhani hakuwahi. Lakini kila jioni alinawa mikono, akakaa mezani, akaandika kwa mwandiko wa kunyooka: "Leo hakuna ndege. Upepo upo." Mfuko wa upepo ulipochanika, mama alishona mwingine kwa kanga yake ya zamani, kwa hiyo juu ya uwanja wa vita likapepea neno la mapenzi ambalo baba aliona aibu kulisoma mbele ya watoto. Tukimwuliza kwa nini anajisumbua, alijibu, "Ndege haipigagi hodi."

Tuliteleza! Enyi wa rika langu, mnakumbuka kuteleza? Watoto wa sasa wanateleza kidole kwenye kioo wanasema wamechoka. Sisi tulipanda juu ya Nusu Pipa na kipande cha ngozi ya mbuzi, tukashuka nacho kwa kasi hadi kwenye majani. Ngozi ikikutoka katikati ya safari saa sita mchana, uliwasili umeiva. Nyafuru ana alama hadi leo na mumewe anadhani ni ya chanjo. Asubuhi shule nzima ilikimbia mchakamchaka kwenye njia ya ndege, Mwalimu Machumu mbele mikono ameitanua, sisi nyuma tukinguruma kwa midomo, na ng'ombe wakitupisha kwa heshima. Tukirudi kulikuwa na michembe ya viazi vikavu na karanga, au furu wa kuchoma juu ya ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaomkumbuka mtu siku nzima. Leo mtoto akiwekewa ugali huo anauliza umeungua.

Kusoma sikufundishwa na shule. Nilifundishwa na ukuta. Ndani ya Nusu Pipa, ukuta wa nyuma, askari wa vita vile walikuwa wamechora majina yao kwa ncha ya kisu. Yalikuwepo ya Kizungu, yalikuwepo ya kwetu, moja limeandikwa chini karibu na sakafu, kama vile mwenyewe aliandika akiwa amelala. Baba aliniinua begani, akaweka kidole changu kwenye mkwaruzo, akasema, "Huyu anaanza na T. Ana kichwa cha mwamba kama wa goli na mguu mmoja." Nilijua herufi zote kupitia watu ambao hawakurudi kutusalimia. Palikuwa pia na picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu na mguu mfupi, ambayo mama aliitundikia kalenda.

Mama alifariki kwanza, wakati wa masika. Baba akamfuata kabla mahindi hayajakauka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Magesa kumi na mmoja, Nyafuru minane, Bwire hajafikisha minne na bado anaita kila mwanamke mama, hata mgambo mmoja mwenye sauti nyembamba.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa. Baba mkubwa, kaka yake baba, alitoka Butiama kwa baiskeli akiwa na koti zito la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini. Mgawo ulikuwa tayari. Magesa aende Butiama kwa Baba mkubwa kuchunga. Nyafuru aende Guta kwa shangazi kulea watoto. Bwire achukuliwe na yeyote mwenye maziwa. Mimi, walisema, nimeshakua, na walinitazama kwa namna ambayo msichana akitazamwa anaanza kuhesabiwa ng'ombe.

Nilisimama. Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya wazee. Nikasema, "Baba mkubwa, sisi si mbuzi wa mahari. Tuko wanne na hatugawanyiki."

Nje, ghala la zege likamjibu mbuzi. Baba mkubwa akakohoa. Akasema, "Haya, mwanangu. Mna nyumba hii. Siku mtakayolala chini ya paa lisilo lenu, nakuja na baiskeli. Paa likiwepo, kaeni. Paa lisipokuwepo, sitakuuliza tena."

Basi nikaacha shule, nikashika paa. Kila asubuhi nilipandisha mfuko wa upepo, kila jioni niliandika, "Leo hakuna ndege. Upepo upo," kwa mwandiko wa baba, maana nilijifunza kwake. Niliamini kwamba siku daftari likikaa wazi, mtu fulani ofisini atainua kichwa aulize tunafanya nini mle ndani.

Badala yake ikaja barua. Mwalimu Machumu ndiye aliyetusomea, akiwa amesimama, kwa sababu ilikuwa na muhuri. Ilisema uwanja wa zamani utasafishwa ili ardhi itumike kwa kazi nyingine. Ilisema pia kwamba majengo yoyote ya kihistoria ya wakati wa vita yataachwa, na wanaoyatunza watabaki humo kama watunzaji. Afisa atakuja Alhamisi kuyaona.

Mwalimu akakunja barua, akatabasamu. "Mmepona," akasema. "Hakuna kitu kizee kuliko hiki hapa, isipokuwa Mzee Mafuru."

"Mimi na hili bati tulikuja pamoja," akasema Mzee Mafuru kwa fahari.

Hapo ndipo tulipotakiwa kukaa kimya, tusiguse kitu, tusubiri Alhamisi. Lakini ninyi mnatujua. Mgeni anakuja, tena mgeni mwenye faili! Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Mgeni akikuta vumbi ataondoka nalo mdomoni, atalisambaza kote." Nilitazama Nusu Pipa kwa macho ya mgeni. Niliona kutu. Niliona matofali yaliyolika. Niliona ukuta ulioandikwaandikwa kama nyumba isiyo na mzazi, na kweli haikuwa na mzazi, na sikutaka mtu mwenye muhuri aone hivyo.

Nikaita risaga. Mimi mwenyewe. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Walikuja wote alfajiri ya Jumanne. Mama Wegesa alizunguka nyumba mara moja akatoa amri kama mtu aliyewahi kuongoza jeshi. "Pacha, udongo mwekundu! Kisire, sugua hilo bati mpaka ujione! Nyie, samadi iko wapi? Mtu atoke Musoma huko na viatu vyake aje akute watoto wa marehemu wanakaa kama popo?"

Kisire alisugua kutu kwa mchanga na magunzi hadi bati likang'aa, halafu Mwalimu Machumu akalipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya shule. Haikutosha, kwa hiyo mgongoni likawa la bluu. Mama Nyasatu na wanawe waliukandika mnara kuanzia chini hadi mikono yao ilipofikia, kisha Masatu akasimama begani kwa Kisire wakafika juu zaidi, ndiyo maana mnara ulikuwa na doa moja refu kama shingo ya korongo. Herufi na namba za jeshi zilizokuwa mlangoni pa ghala zikafunikwa kwa udongo mweupe wa mlimani. Juu ya udongo huo Mwalimu akaandika KARIBU MGENI, na chini yake, kwa sababu nafasi ilibaki, NAWA MIKONO. Mlango wa vita, ule mzito wa mbao zilizooza, ukatolewa na kupasuliwa kuni za kupikia furu. Ulitoa moto mzuri sana.

Ukuta wa ndani niliufanya mimi. Nilichanganya samadi na majivu kama mama alivyonifundisha, nikaanza juu nikashuka. Nilipaka T na kichwa chake cha mwamba. Nilipaka majina yote, moja moja, kwa kiganja. Yule wa karibu na sakafu nilimpaka mwisho, nikiwa nimepiga magoti. Sikusikia uchungu wowote. Nilisikia fahari. Nilijiambia, sasa hii ni nyumba ya watu.

Jioni tulikaa kwenye majani tukaitazama. Michoro ya pembe tatu, nyekundu na nyeupe, ilizunguka msingi wote. Mama Wegesa akafuta jasho. "Hata Mwingereza mwenyewe akirudi leo," akasema, "hataijua."

Tukacheka wote.

Alhamisi afisa akafika, kijana mpole mwenye mwavuli na picha moja ya zamani, iliyofifia kama chai ya mara ya tatu. Alisimama kwenye njia ya ndege akaitazama picha, akatutazama, akaitazama picha. Tulikuwa tumejipanga kwa kimo. Kuku mkubwa kuliko wote alikuwa tayari sufuriani.

"Natafuta majengo ya vita," akasema.

"Karibu, baba, ndiyo haya," akasema Mama Wegesa, akionyesha kwa mkono wazi kama mtu anayeonyesha bibi harusi.

Afisa akaligusa bati kwa kidole. Kidole kikarudi kijani. "Mmejenga lini?"

Hapo ningeweza kumzuia Mama Wegesa kama ningekuwa na akili ya leo. Lakini mgeni akisifia nyumba yako, unasemaje? Unasema imechakaa? Mama Wegesa akavimba kifua. "Hii? Bado mbichi kabisa! Juzi Jumanne. Gusa na hapa, hapajakauka."

"Ubunifu mzuri," akasema afisa. "Umbo kama pipa. Nani aliwachorea ramani?"

Mwalimu Machumu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kusifiwa na mtu wa ofisini, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Tulisaidiana," akasema.

Nikasema, "Shikamoo, kaka, nyumba hii ni ya zamani. Ilijengwa wakati wa vita. Mwulize Mzee Mafuru, aliwapikia chai."

Afisa akafungua faili, akamgeukia Mzee Mafuru kwa heshima, kalamu mkononi. "Mzee, wewe ulifanya kazi hapa na Waingereza?"

Sasa, jambo ambalo sikulijua, na ambalo Mzee Mafuru aliniambia miaka mingi baadaye, ni kwamba nyumbani kwake, chini ya kitanda, alikuwa na vikombe sita vya Waingereza wale vyenye taji la mfalme. Hakuwa ameviomba. Alipoona faili likifunguka aliamini kwamba hatimaye serikali imefuata vikombe.

"Vita?" akasema. "Vita gani? Mimi sijawahi kuonana na vita. Chai yenyewe sinywagi."

Kijiji kizima kilimgeukia. Mtu yule alikuwa ametuchosha miaka kumi na chai ile, na marubani wale, na sukari yao ya vipande. Alikaza macho kwenye upeo wa mbali kama mtu anayesubiri mvua.

Nikakimbia ndani. Nikachukua kijiko cha uji, nikaanza kukwangua ukuta pale nilipojua T amelala. Udongo ulikuwa umeshika vizuri, nilikuwa fundi. Afisa akanifuata mlangoni.

"Binti! Unafanya nini?"

"Kuna majina humu, kaka! Majina ya askari! Subiri nikuonyeshe!"

Mama Wegesa akanidaka mkono. Alinipiga kiganjani mbele ya mgeni, akaninong'oneza kwa ukali, "We mtoto, unatutia aibu! Mtu hajala bado!" Halafu akamgeukia afisa kwa sauti ya asali. "Msamehe, baba, amefiwa."

Afisa alisikitika kweli, niliona machoni. Alinishika bega akaniambia nisiharibu nyumba nzuri waliyotujengea majirani, ni wachache siku hizi wanaowajali yatima hivi. Akaketi, akapewa firigisi kama inavyostahili, akala akamaliza, akamsifia mpishi. Akauliza mlinzi yuko wapi. Bwire, bila kutumwa na mtu, akamwonyesha kaburi nyuma ya mnara. Afisa akavua kofia, akasimama pale kidogo, akaandika kitu, akaondoka. Mwavuli wake ulionekana kwa muda mrefu kwenye njia ya ndege, na Magesa akauliza kama tuandike kwenye daftari kwamba leo kuna kitu kimeondoka.

Barua ya pili haikuchelewa. Ilisema majengo ya kihistoria hayakuonekana. Yaliyopo ni makazi mapya, yaliyojengwa bila kibali, ingawa kwa usafi wa kupigiwa mfano.

Katapila lilikuja baada ya mvua za vuli. Dereva wake alikuwa mtu mnene mwenye huruma, alishuka akaizunguka nyumba, akasema, "Jamani, mbona nzuri hivi?" akapanda tena kwa shingo upande. Vyombo tulishavitoa. Tulikaa kwenye majani, mimi na wadogo zangu, Bwire mapajani. Pigo la kwanza liliupata ukuta wa nyuma. Ukuta haukuanguka. Kilichoanguka ni udongo wangu, wote kwa pamoja, kama shuka linalovuliwa. Na pale, wazi, kwenye jua, majina yakawa yanatutazama. T, na wengine wote, na yule wa chini, na yule mwanamke mwenye mguu mfupi.

Dereva akazima injini. Akasoma kwa sauti, jina moja baada ya jingine, huku tukimsahihisha. Akakuna kichwa. "Hii ni ya zamani. Mimi nimetumwa kuvunja nyumba mpya. Ya zamani haimo kwenye karatasi yangu."

Akaacha katapila pale pale, akaenda kuuliza kwa lifti ya baiskeli ya Kisire. Siku mbili tulilala chini ya paa letu lenye ukuta mmoja uliopinda, na nilipandisha mfuko wa upepo, na niliandika. Siku ya tatu akarudi, hakunitazama. Aliambiwa avunje ile mpya, na kama kuna ya zamani ndani yake, hilo ni kosa la aliyeificha.

Aliyeificha ni mimi. Nimekwisha kulitafuna hilo jambo kwa miaka mingi na halijawahi kulainika.

Nusu Pipa ilikunjika kwa sauti ya sufuria iliyodondoka. Mnara ulianguka, na juu yake, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika, palikuwa na kiti kimoja na kiota cha korongo. Ghala la zege lilikataa siku tatu, likivunja meno ya katapila, na kila likipigwa lilinguruma kwa kuchelewa kidogo, kama kawaida yake.

Habari ilifika Butiama kabla vumbi halijatua. Baba mkubwa akaja na koti lake na kamba ya kufungia mizigo kwenye kiti cha nyuma. Shangazi wa Guta alikuwa tayari amefika, ameshika kifurushi cha nguo za Nyafuru. Magesa alisimama kando ya baiskeli bila kulia, mikono ubavuni, kama askari. Niliwaambia wazee wangoje nipike uji, mtu hapelekwi safari na njaa. Ukweli nilitaka nusu saa zaidi.

Wakati uji haujachemka, Mama Wegesa akatokea, na nyuma yake wote wa ile Jumanne, na majembe, na fito, na Masatu safari hii bila ndoo. Hakunisalimia. Alimsalimia Baba mkubwa.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kuchukua watoto?"

"Paa halipo," akasema Baba mkubwa. "Tulikubaliana."

"Sawa. Ila kuna neno. Siku ile tulikula furu na ugali wa binti huyu. Tuliitwa kwenye kazi ya nyumba ya watoto. Nyumba iko wapi?"

Baba mkubwa akatazama lile rundo la bati.

"Basi kazi haijaisha," akasema Mama Wegesa. "Risaga haivunjwi katikati, hata na baba mkubwa wa mtu. Wewe kunywa uji wako polepole."

Wakaanza pale pale, ukingoni mwa shamba la Mama Wegesa mwenyewe, hatua chache nje ya mpaka wa uwanja. Walichimba mashimo, wakasimamisha fito, wakabeba bati lililopinda, ambalo kila walipojaribu kulinyoosha lilirudi kujikunja, lilikuwa limezoea. Wakaamua liwekwe hivyo hivyo. Mzee Mafuru, kwa aibu yake, alibeba matofali mengi kuliko vijana. Baba mkubwa alikaa na bakuli la uji mkononi. Alilitazama paa. Alilitazama tena. Kisire alikuwa analiweka mgongo chini, kama beseni la kutegea mvua.

"Siyo hivyo!" akapiga kelele Baba mkubwa. Akaweka bakuli chini. Akavua koti. Hakuna aliyewahi kumwona bila koti, chini yake alikuwa mwembamba kama sisi. Akapanda juu ya ukuta na kugeuza bati, na hakushuka hadi jua linazama. Uji ukapoa na kuota ngozi, na mwishowe Bwire akaunywa.

Alishuka giza likiingia, akajipangusa, akavaa koti. "Paa lipo," akasema. Akaifungua ile kamba kwenye baiskeli, akafunga nayo mlango wetu uliokuwa hauna komeo, akaondoka zake Butiama bila kuonja chochote.

Tulikua mle wanne wote. Likijaa upepo paa lile lilijaribu kuruka, na hatukulilaumu. Magesa alimaliza shule akawa mwalimu. Nyafuru ni nesi. Bwire ana duka Iringo, mjini Musoma, na ameacha kuita kila mwanamke mama. Mimi nililima. Nililipa siku ya Mama Wegesa kwenye mtama wake, siku ya Mama Nyasatu na za pacha kwenye mihogo, siku ya Kisire, siku ya Mwalimu. Masatu nilimpalia bustani. Mzee Mafuru nilimlipa kwa kumchimbia viazi, na alinipa chai kwenye kikombe cha mfalme, akafunga mlango kwanza. Nilizilipa kila moja mara mbili, kwa sababu walikuja mara mbili.

Mwezi uliopita binti ya Bwire, anayesoma chuo, alikuja kwangu Kigera na simu yake. Ana kazi ya kuandika habari za majengo ya vita. Ameniuliza, "Shangazi, mbona hamkupiga picha?" Nikamwambia mpiga picha alikuwa mmoja, mjini Musoma, na ulikuwa unazuia pumzi hadi aseme basi. Akatafuta uwanja kwenye simu, akanionyesha kutoka angani: shamba la mahindi. Mahali pa ghala pana duara ambamo mahindi hayaoti. Akasema, "Kumbe hakuna kitu." Watoto hawa wanaona hadi juu ya mawingu.

Enzi zetu hatukuwa na picha, tulikuwa na watu waliokuja. Sasa mtu akifiwa napokea ujumbe, natuma mchango kwa kidole, yeye anajibu "asante" kwa kidole, na hakuna aliyechafuka. Nyumba zinajengwa na mafundi, wanaondoka na hujui majina yao. Sisemi ni vibaya. Ni haraka tu.

Baba mkubwa bado yupo Butiama, mzee sana, macho yamefifia, koti ni lile lile. Yeye hakuitwa siku ile, hakula, na alifanya kazi hadi giza. Kwa desturi yetu mtu wa namna hiyo siku yake ni nzito kuliko zote. Kila msimu nakwenda na jembe begani. Kila msimu wajukuu wake wananiambia shamba limeshapita trekta, na magugu yamepuliziwa dawa, shangazi kaa unywe soda. Nakaa nakunywa. Yeye anapapasa mpini wa jembe langu, anauliza, "Umekuja kulima?" Namjibu ndiyo, Baba. Anasema, "Hakuna pa kulima, mwanangu. Mwakani."

Siku moja ya jembe, kuanzia umande hadi giza. Hiyo bado sijailipa.